Sir alitaka posta, nikampelekea cherehani ya mama inayoonyesha sinema

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na nyie wa rika langu mambo zenu.

Najua humu mtoto wa shule akianzisha uzi watu wanaanza kutafuta vikombe, wanajua ni chai, stori ya kutunga. Leo hakuna chai. Haya yametokea mbele ya mama yangu mzazi, na mama yangu anaimba sauti ya kwanza kanisani. Siwezi kumsingizia.

Kwa ufupi, mimi ni binti, niko grade eleven, tunaishi Rexdale, huku ughaibuni, kwenye moja ya yale maghorofa ambayo lifti yake inafanya kazi ikijisikia. Tulitoka Morogoro nikiwa darasa la tano, ndiyo maana Kiswahili changu bado kinapumua. Wadogo zangu ukiwaambia hamjambo wanakujibu "good".

Mama mchana yuko ghala moja karibu na airport, jioni anashona. Sare za kwaya, magauni, suruali za watu walionenepa wakakataa kukubali.

Shuleni najulikana kwa utani. Mwaka jana makamu mkuu wa shule alisimama kutueleza malengo ya shule, na kila slide ilikuwa na mbuzi. Mbuzi yule yule, amekaa pozi tofauti tofauti. Mpaka leo naona ile kazi yangu ilikuwa nzuri.

Sasa twende kwenye mada.

Kuna mwalimu wetu wa historia, huku tunamwita Sir na humu atabaki Sir. Ndiye pia anayefundisha course ya filamu ya grade twelve. Nafasi chache, yeye ndiye anayechagua. Mimi ile course naitaka kuliko leseni ya udereva, na jina langu lilikuwa tayari kwenye orodha yake.

Akatupa assignment. Kila mtu achague uvumbuzi mmoja, achore posta, yaani bango, ya mtu aliyeuvumbua, ije ionyeshwe siku ya maonyesho wazazi wakiwepo. Picha ya mvumbuzi katikati, maelezo chini, basi.

Nikachagua projekta ya sinema. Nikaenda kusoma.

Wakuu, nilichokutana nacho kule ni ugomvi wa ukoo.

Kuna ndugu wawili Wafaransa, kwao walikuwa wanatengeneza vioo vya kupigia picha. Kuna ndugu wengine wawili Wajerumani waliowaonyesha watu sinema ukumbini mapema kidogo kuliko hao. Kuna tajiri wa Marekani ambaye projekta iliyompa sifa ilitengenezwa na kijana mwingine kabisa, wakakubaliana ibandikwe jina la tajiri kwa sababu ndilo linalouza. Kuna fundi Muingereza aliyenakili mashine nyingine ya huyo huyo tajiri, akitumia mwanya kwamba tajiri hakuisajili Uingereza. Na kuna Mfaransa aliyewatangulia wote kupiga picha zinazotembea, akapanda treni, na mpaka leo hajashuka.

Majina yao siyaweki. Google mnayo.

Nikamfuata Sir. "Sir, hii posta niweke picha ya nani? Wako wengi, na wanaibiana."

Akasema chagua mmoja, yule anayejulikana zaidi.

Nikamwambia, kujulikana zaidi siyo kuvumbua, hata mimi najulikana zaidi hapa shuleni na sijavumbua kitu. Darasa likacheka. Hapo ndipo nilipoharibu.

Nikaendelea. Nikasema sichori mtu, naleta projekta yenyewe, ya kuzungusha kwa mkono kama zao, halafu watu waone kazi wasione sura.

Sir ni mtu mtaratibu, hapandishi sauti. Akasema sawa. Ikifanya kazi, vizuri. Isipofanya kazi, nafasi yako ya filamu anapewa mtu anayejua kufuata maelekezo.

Mbele ya darasa zima. Mlitaka nifanyeje? Nikasema poa.

Pembeni yangu alikaa rafiki yangu Divine. Kwao ni Bukavu, Kiswahili chake kimechanganyika na Kifaransa kama wali na maharage. Akaniinamia, "Weye, uko na kichwa kweli? Alikupa njia ya kutoka, ukafunga mlango."

Tuingie kwenye ufundi, wasiopenda rukeni aya chache.

Sinema siyo mkanda unaotiririka. Ukitiririka unaona ukungu tu. Mkanda unatakiwa uvutwe picha moja, usimame, mwanga upite, ufunikwe, uvutwe tena. Vuta, simama, vuta, simama. Hiyo ndiyo shida iliyowatoa jasho wote wale wazee.

Na inasemekana mmoja wa wale ndugu wa Ufaransa alilipata jibu kwa kufikiria cherehani. Cherehani inavuta kitambaa, inasimama sindano ishuke, inavuta tena.

Niliposoma hapo nikageuza shingo. Mezani kwetu kulikuwa na cherehani mbili. Ya umeme, ya mama ya kazi. Na ile nyeusi ya mkono aliyokuja nayo kutoka Morogoro kwenye begi la mkononi, nguo zetu zikabaki.

"Mama, naomba ile nyeusi ya project ya shule."

"Ya shule ipi? Hii hii iliyoniita kwa ajili ya mbuzi?"

"Mama, safari hii ni historia."

"Mwanangu, hiyo mashine imekusomesha wewe. Sasa unataka ikufukuzishe?"

Tulizungushana siku nzima. Mwisho akakubali kwa sharti nipinde mapindo ya majoho yote ya kwaya. Kwaya yetu ina akina mama wengi na wote ni warefu. Vidole vyangu vilishika adabu.

Basi nikatoa sindano, mahali pake nikafunga jino moja la uma nililolikunja kama ukucha. Likishuka linanasa tundu la mkanda na kuuvuta. Likipanda linateleza, mkanda unabaki umesimama, umebanwa na kipande cha mahameli. Kwenye gurudumu la upande wa pili nikabandika kisahani cha kadibodi nilichokikata nusu, kiwe kinaziba mwanga mkanda ukitembea. Lenzi nilitoa kwenye kioo cha kukuzia maandishi. Taa ni tochi ya baiskeli.

Mkanda nao ni ile plastiki angavu ya kubandikia juu ya projekta za zamani za walimu, nimeikata vipande virefu nikaunga. Matundu nilitoboa kwa cherehani ya umeme, sindano bila uzi, hatua ndefu kuliko zote. Yakatoka yamenyooka kama gwaride.

Filamu niliichora mwenyewe kwa marker. Kuku wa sherehe anamkimbia mpishi. Hiyo ndiyo hadithi, msitafute mafumbo.

Nyumbani nilijaribu kipande kifupi nikikishikilia kwa mkono, ukutani. Kuku akapiga hatua mbili. Wadogo zangu walisahau Kiingereza, wakasema "anatembea huyo".

Siku ya maonyesho ikafika.

Ukumbi wa michezo una mwanga mkali, kwa hiyo Sir akanipa stoo ya mipira. Tukatundika shuka jeupe. Safari hii mkanda wote mrefu ulikuwa kwenye magurudumu mawili, moja juu la kuachia na moja chini la kupokea. Sir akaingia, makamu mkuu akaingia (akanitazama kwa yale macho ya kesi ya mbuzi), wanafunzi kadhaa, na mama na kilemba chake cha Jumapili. Divine ameshika taa.

Nikakaza mkanda vizuri, juu na chini, umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo.

Hapa lazima niseme kitu. Mimi nimelelewa na fundi cherehani. Tangu mdogo nimeambiwa uzi ukilegea mshono unaharibika. Kaza uzi. Nikishika chochote kinachopita kwenye mashine, mkono wangu unakaza wenyewe, siuambii.

Nikazungusha. Tak. Mkanda ukakatika kwenye tundu.

Nikaunga kwa gundi ya karatasi. Nikazungusha. Tak.

Mara ya tatu hata kuku hakuonekana, ulionekana mguu.

Jamaa mmoja wa kundi la roboti akasema kwa sauti, "Filamu ya mguu, part one." Watu wakacheka. Kusema kweli ilikuwa nzuri, ningesema mimi ningejipongeza.

Sir akaangalia saa. Akasema nimejaribu, ni jambo la kuheshimika, lakini makubaliano ni makubaliano, na Jumatatu nimpelekee posta ili nisikose alama zote. Wakatoka. Makamu mkuu akafunga mlango taratibu kama anatoka msibani.

Tukabaki mimi, Divine, mama na mipira.

Divine akasema, "Laisse tomber, dada, achana nayo. Twende tukule ile pizza yao."

Nikamwambia pizza iende bila mimi. Sitoki humu.

Nikakaa chini kwenye kirundo cha mikeka ya mazoezi nikaanza kufikiria kwa nini nyumbani ilikubali. Nyumbani sikuwa na magurudumu. Mkono wangu ulikuwa unafuata mkanda. Hapa ukucha unavuta kwa ghafla, na gurudumu la juu ni zito, linakataa kuamka haraka. Wawili wanavutana, anayeumia ni mkanda.

Halafu nikakumbuka aya moja niliyoipita bila kuisoma vizuri. Kulikuwa na baba mmoja na wanawe kule New York, wao na mafundi wao wakaja na wazo la kuacha mkanda ulegee kabla ya kuingia kwenye mashine, ufanye kitanzi. Mshtuko unaishia kwenye kitanzi, haufiki kwenye gurudumu. Na wenyewe wamebaki wanagombania nani aliliwaza. Mimi nilipoona wanagombania kitanzi nikasema hawa wamekosa kazi, nikaruka.

Nikainuka. Nikalegeza mkanda juu, nikalegeza na chini. Nikamwambia Divine aweke kidole gurudumu la juu, alisukume polepole kitanzi kisiishe.

Mama akasogea. "Kaza huo mkanda, unaning'inia."

"Mama, leo nalegeza."

"Nani kakufundisha kushona hivyo?"

"Sishoni, mama."

Akakunja mikono. Mama akikunja mikono hivyo, maana yake hukumu itasomwa nyumbani.

Nikazungusha polepole. Kuku akatokea. Nikaongeza. Kuku akakimbia, mpishi nyuma yake na mwiko, kuku akaruka sufuria. Anatetemeka tetemeka kama ana homa, lakini anakimbia. Mama akasema "Ee," basi.

Shida ikabaki moja. Aliyetakiwa kuona alikuwa nje akisifia roboti.

Nikafungua mlango wa stoo, nikatundika shuka mlangoni, mashine ikabaki ndani gizani. Waliokuwa ukumbini wakawa wanaona upande wa pili wa shuka. Ikaonekana hafifu, lakini ikaonekana. Nikaanza kuzungusha.

Mtoto mdogo wa mtu akapiga kelele, "Chicken." Wakaja watoto, wakaja wazazi. Roboti ikabaki inajizungukia peke yake. Mama mmoja Mkongo akawa anamsemesha kuku, "Kimbia, kimbia, atakukamata."

Makelele yakamleta Sir. Namsikia nyuma ya shuka, "Muda wako umeisha, tafadhali simamisha."

"Siwezi, Sir. Nikisimama taa itaunguza mkanda."

Kwa projekta za zamani hiyo ni kweli kabisa, mkanda ulikuwa unashika moto. Kwa tochi ya baiskeli ni uongo mtupu, ile ukiishika ni ya baridi. Ila Sir ni mtu wa historia, akaingia mwenyewe kwenye mtego. Akasimama akasubiri.

Akasubiri mpaka kuku akavaa kofia ya mpishi na mkanda ukaisha.

Watu wakapiga makofi. Sir akainua shuka, akaingia. Akainama akaitazama mashine muda mrefu, kisha akanyoosha kidole kwenye kitanzi.

"Hii ilikuwa hivi tangu mwanzo?"

"Hapana, Sir. Ilikuwa imekaza."

"Nani alikwambia ulegeze?"

"Watu wengi tu, wamekufa zamani. Hawakuwa kwenye posta."

Akatabasamu kidogo, ile ya kulazimishwa na mdomo wenyewe. Akasema nafasi yangu ya filamu ipo. Akasema pia alama za posta ni sifuri, kwa sababu hakuna posta.

Nikamwambia haki bin haki. Sikuchora, na sichori.

Njiani kwenye basi la barabara ya Kipling mama amepakata cherehani yake kama mtoto mchanga. Tukafika karibu na kwetu. Ndipo akauliza, "Yule kuku ulimuacha akatoroka kabisa?"

"Kabisa."

"Na wageni wakala nini?"

Sikuwa nimefikiria hilo, wakuu.

Nilichojifunza mimi: ukiambiwa kitu fulani kilianzishwa na mtu mmoja, uliza wengine walikuwa wapi siku hiyo. Na mtu akikwambia hutaweza, usipoteze muda kumjibu kwa mdomo, baki stoo uhangaike. Lakini soma na ile aya inayoboa, mimi ilikuwa nusura initoe.

Wale wa "weka picha", video ipo kwa Divine. Mama ameikatalia kwa sababu kilemba kilikuwa kimekaa upande. Nendeni mkabishane naye, mimi majoho yamebaki manne.

Mafundi wa humu, hasa mliowahi kuendesha projekta za mikanda, njooni mnieleze kuku wangu nimpunguzie vipi hiyo homa. Na wale wa "wewe mtoto huna adabu", karibuni pia, nafasi ipo.