Mafuriko ya Songwe na mkono ambao mke wangu hakuushika

Wakuu, habari za mapumziko. Mimi humu ni msomaji wa siku nyingi, naingia, nacheka na vituko vyenu, natoka.

Leo naandika, na ninayoandika ni ya nyumbani kwangu. Wale wa "leta picha" mnisamehe, picha sina, na hata ningekuwa nayo nisingeiweka.

Natokea Kyela, upande wa Katumba Songwe, huku mto unakotutenganisha na Malawi. Tunalima mpunga na kokoa. Mke wangu ni Mkisi wa Ikombe, kwa wafinyanzi, na vyungu vyake vilikuwa vinagombewa sokoni Lyulilo. Tulikuwa na mtoto mmoja wa kike, miaka mitatu, mdomo kama redio.

Ili mnielewe, kwanza mila. Kwetu mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Akimwona anakuja njiani, anakata kona kupitia migombani. Hawasalimiani, hawapeani kitu mkononi. Siyo ugomvi, ni heshima.

Siku hizi wengi wamelegeza, mjini utakuta wanakula meza moja. Baba yangu hakulegeza. Alikuwa mzee wa kanisa na Mnyakyusa hasa, vyote kwa pamoja. Yeye na mke wangu wameishi kiwanja kimoja miaka yote hiyo bila kusemezana hata neno.

Basi bwana, mto ukavunja kingo asubuhi. Mimi nilikuwa Kyela mjini nimepeleka kokoa.

Baba alipanda kwenye kichanja cha kuanikia kokoa. Mke wangu akatoka ndani, maji kiunoni, mtoto begani. Mahali pa kukimbilia palikuwa pale tu. Baba akainama akanyoosha mkono.

Mke wangu akageuza uso, akapinda kuelekea migombani. Vilevile kama siku zote.

Yeye alinasa kwenye migomba. Mtoto tulimkuta maji yalipopungua, shambani kwetu, kwenye tope.

Wakuu, naomba nivute pumzi hapa.

Baada ya maziko mke wangu alikaa chini akatazama ukuta. Hali, haogi mpaka ashikwe, halii. Udongo hataki kuuona. Alitamka kitu kimoja tu, kwamba anataka kwenda mtoni. Nikawa simwachi peke yake hata nikienda chooni. Wachungaji walikuja, mama yake alikuja kwa mtumbwi kutoka Ikombe, wapi.

Ndipo wakaja watu wa mradi wa kusaidia waathirika wa mafuriko, wakaweka turubai shuleni. Kulikuwa na mwanasaikolojia, binti wa mjini, mpole sana, tumwite Dada Rehema. Akasema ile ni trauma na depression, na inatibika kwa mazungumzo. Kuna waliocheka. "Mtu afe, halafu tupige stori?" Mimi sikucheka, ningeshika hata moto.

Akatupanga familia kwa familia, duara, viti vya plastiki. Mimi, mke wangu, baba. Kila mtu aseme kilichotokea.

Mke wangu akajifunika kanga mpaka usoni na kugeuza kiti, akatupa mgongo. Session ya pili hivyo hivyo. Dada Rehema akaniambia taratibu, mkeo bado anakataa msaada.

Nikamwambia, "Dada, hakatai. Baba mkwe wake yumo."

Akaniuliza, "Mbona hamkuniambia?"

Aisee! Kitu ulichozaliwa nacho huwezi kukiona, ni kama harufu ya nyumba yako. Hata baba alikuwa amekaa pale anatazama chini, akidhani ndivyo dawa ya kizungu inavyofanywa.

Dada Rehema akaanza kukaa naye peke yake jikoni kwetu. Sijui aliongea naye vipi, ila siku moja mke wangu akafunguka. "Alininyooshea mkono. Nikaona aibu. Nimemuua mwanangu kwa aibu."

Dada Rehema akamwomba ruhusa baba naye aseme, akakubali. Baba akawekewa kigoda nje, nyuma ya ukuta wa jikoni, mke wangu akabaki ndani. Mimi nilisimama mlangoni.

Baba akauambia ukuta: "Mwanangu, siyo wewe. Nilikuona unakuja, mimi ndiye niliyegeuka kwanza. Nilipokumbuka kwamba haya ni maji, nikanyoosha mkono, wewe umeshanipita. Nilichelewa mimi."

Mke wangu akalia. Kilio cha kwanza tangu msiba. Akalia mpaka akalala, alipoamka akaomba uji. Nilidhani tumepona, wakuu, nilidhani Mungu ametuona.

Haukupita muda, mradi ukaisha. Turubai likakunjwa, Dada Rehema akahamishiwa kwingine. Aliondoka analia.

Na hapa ndipo panaponiuma. Sote tulikuwa tunamwangalia mwanamke. Mzee aliutua mzigo wa mkamwana wake akajitwika yeye, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Akawa anashinda kwenye kile kichanja, jua lake, mvua yake. Chakula anasukuma. Zahanati wakasema presha, mara uzee. Nikimwambia, "Tata, shuka ule," anajibu, "Ndaga, mwanangu," yaani asante, na hashuki. Akaisha hivyo hivyo, kidogo kidogo, mpaka akafa.

Siku ya msiba akina mama wamejaa ndani, jeneza liko wazi. Mke wangu akaingia. Kimila hapaswi hata kumtazama. Mashangazi wakaanza kunong'ona, mmoja akainuka amtoe.

Hakumjali. Akafunua shuka, akautafuta mkono wa baba, akaushika kwa mikono yake yote miwili.

"Tata," akamwambia, mara ya kwanza na ya mwisho, "nimeushika."

Shangazi akakaa chini.

Nilichojifunza: huzuni ikiingia nyumbani, msimwangalie yule tu aliyenyamaza. Mwulizeni na anayesema yuko sawa. Na nyie wataalamu, mkija kwetu ulizeni kwanza nani hakai na nani. Halafu msiondoke mapema, mnatuacha tumefunguliwa kama kidonda.

Kama yupo humu mwanasaikolojia anayefika Kyela, au anayemjua hata wa Tukuyu au Mbeya, aniandikie hapa. Wenye ushauri karibuni, wenye matusi pia, nimeshazoea.

Ila fanyeni haraka. Tangu tumzike baba, mke wangu amerudi kutazama ukuta. Naandika nikiwa nimekaa mlangoni, yeye yuko ndani, na mvua imeanza tena huku. Mto tunausikia kutoka hapa tulipo.