Mbwa wa Mitole alipona mabaka, yakarudi: bado najiuliza nani alimwambukiza nani

Wakuu, salaam. Ninayoyaeleza nimeyaona kwa macho yangu hapa Mitole, Kilwa, na mengine bado yananitatiza.

Nina diploma ya afya ya mifugo. Jirani yangu Bi Somoe, mkulima, aliniita nimtazame mbwa wake, Watachoka. (Jina ni ujumbe kwa majirani, tuliache.) Huyo ndiye anayewafukuza nguruwe pori. Bila yeye, mahindi hayabaki.

Alikuwa na mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya, yenye magamba pembezoni.

Nilidhani ni ukurutu. Lakini hakuwa akijikuna sana, na mjukuu wa Bi Somoe alikuwa na duara jekundu mkononi. Nikapeleka magamba kwa daktari wa mifugo. Akathibitisha ni fangasi.

Nikamkuta Hamisi, mwana wa Bi Somoe, ameshika kopo la oili chafu. "Tumpake hii. Asipopona, rungu. Mtoto kwanza."

Nilimsihi aache. Oili huunguza ngozi, na mbwa akiilamba ni sumu.

"Basi muogeshe wewe, mwanangu," akasema Bi Somoe. "Mimi nasimamia kwa mbali, udhu wangu siuchezei."

Nilivaa glavu, nikapunguza manyoya, nikamwogesha kwa shampuu ya dawa na kumpaka krimu aliyoagiza daktari. Mtoto akapelekwa zahanati.

Wakapona.

Kisha mabaka yakarudi, kwa wote wawili!

"Daktari, unatibu mbwa au unatibu ugonjwa unenepe?" Hamisi aliniuliza, rungu mkononi.

Niliomba tu kuonyeshwa mbwa anapolala.

Tukaenda shambani, kwenye dungu, kile kichanja cha kulindia mazao. Chini yake palitandikwa magunia chakavu yaliyojaa manyoya. Hapo Watachoka hulala, hapo mtoto hucheza, na hapo Hamisi hujinyoosha akimaliza zamu.

Nikamwomba Hamisi akunje suruali.

Duara lilikuwepo, kwenye shavu la mguu.

Bi Somoe akacheka hadi akakaa chini. "Haya, rungu tumpe nani sasa?"

Tuliyachoma magunia, wote wakatibiwa upya, Hamisi naye akiwemo. Mabaka hayajarudi. Watachoka yuko kazini.

Funzo nililopata: kutibu ngozi bila kukagua malazi ni kazi nusu, na mnyama asihukumiwe kabla ya watu wa nyumbani kukaguliwa.

Lakini nani alianza: mbwa, mtoto au Hamisi? Sijui hadi leo. Mliowahi kukutana na hali hii, nielewesheni.