Ndara Nilizoziacha Mikumi

Niliondoka Kilosa kwa sababu mama mkwe wangu aliniita. Mke wangu, Marietha, alikuwa amefariki baada ya kujifungua, na mtoto wetu Yusta alichukuliwa na bibi yake, akapelekwa kwenye kijiji cha ujamaa karibu na Mikumi. Ujumbe ulinifikia kwa mdomo wa mfanyakazi wa gari moshi: niende, na niende na mbeleko ya Marietha. Hiyo ilikuwa ngozi ya mbuzi iliyolainishwa kwa mafuta ya nyonyo, ambayo mama yake alimbebea mgongoni alipokuwa mchanga. Katika ukoo wao, mtoto aliyefiwa na mama hubebwa kwa ngozi ileile iliyombeba mama yake.

Nilipekua chumba chetu, nikatazama hata darini. Sikuiona. Marietha alikuja nayo alipoolewa, na mimi nilimwambia mbele ya majirani aifiche, maana kwenye mikutano tulikuwa tunaambiwa kuvaa ngozi ni kurudi nyuma. Aliikunja akaingia nayo ndani. Sikuiona tena, wala sikuuliza. Basi nikanunua kitambaa cha nailoni chenye maua mekundu, nikakiweka kwenye kikapu na kujiambia kwamba kitatosha.

Stesheni ya Kilosa, asubuhi. Nilivaa ndara zangu, soli za tairi zilizotandikwa ngozi laini pa kukanyagia, na mikanda ya ngozi hiyohiyo. Marietha ndiye aliyenishoneshea kwa Fundi Athumani, pale sokoni. Kabla ya hapo nilikuwa navaa viatu vya plastiki kwenda kiwandani kupakia marobota ya pamba, ili nifanane na makarani. Vilinichubua hadi nikawa natembea kama bata. Marietha aliniletea hizi ndara akasema fundi alipata ngozi nzuri. Vidonda vilikauka, nami sikuuliza ngozi ilitoka wapi.

Njiani, jua lilipopanda, behewa likawa la moto, na mikanda ikaanza kutoa harufu ya nyonyo. Mama mmoja aliyeketi mbele yangu akanusa huku na huku.

"Nani kabeba mafuta humu?" akauliza.

"Si mafuta hayo, mama. Ni miguu ya mtu," akajibu mzee mmoja, na watu wakacheka.

Nilivuta miguu nikaificha chini ya kiti. Sikuitoa huko mpaka tulipofika.

Mikumi, mchana. Benedikti, kaka yake Marietha, alikuwa ananisubiri. Tulitembea kuelekea kijijini, nyumba zimepangwa mistari miwili, nyasi za mapaa bado mpya kwa sababu watu walikuwa wameshushwa kutoka milimani si zamani.

"Shemeji, mbeleko umekuja nayo?"

"Nimekuja na kitu kizuri zaidi."

"Mh. Hayo utamwambia mama mwenyewe. Mimi simo."

Kule mkwe haingii kwa mama mkwe na viatu, wala hamtazami usoni, na maneno mazito hupitia kwa mtu wa tatu. Niliacha ndara mlangoni nikaingia nikiwa nimeinama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Pole na safari. Pole kwa yote."

Alikuwa amempakata Yusta. Nilitoa kitambaa. Alimweka mtoto mgongoni na kujifunga nacho. Kitambaa kiliteleza. Akakaza, kikateleza tena, na Yusta akaanza kulia, shingo yake imelowa jasho. Mama mkwe akakifungua, akakikunja vizuri na kukirudisha kwenye kikapu changu.

"Benedikti, mwambie mkwe wangu asante. Zile ndara zake zinaungua jua, ngoja niziweke kivulini."

Alimpa Benedikti mtoto, akatoka. Alikawia. Aliporudi, alikuwa ameshika ndara ya kushoto kwa mikono miwili, ameibana kifuani.

"Benedikti, muulize mkwe wangu, hiki kiraka anakijua?"

Kwenye mkanda kulikuwa na kiraka cha mviringo. Siku zote nilidhani ni pambo la fundi. Nikasema hivyo.

"Mwambie nilikishona mimi. Kaa la moto liliruka likatoboa ngozi, Marietha akiwa mgongoni. Nilishona kwa ukano wa mbuzi, ndiyo maana hakijaachia."

Desturi iliniruhusu kuinamisha macho, nikayainamisha. Lakini chini ilikuwepo miguu yangu. Ilikuwa imejaa vumbi, isipokuwa pale mikanda ilipolala. Hapo palikuwa safi, palilindwa njia nzima.

"Sikujua, mama," nikasema moja kwa moja, nikavunja desturi.

Yeye hakuivunja. "Mwambie naamini hakujua. Ila muulize kwa nini mke wake hakumwambia."

Benedikti alinigeukia, kisha akatazama pembeni. Nikaanza kufuta vumbi miguuni.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta mama mkwe ameketi na wembe. Alikuwa amefumua mikanda na kubandua ngozi niliyokuwa naikanyaga, akaiosha na kuipaka nyonyo upya. Jirani alimletea ngozi ya mbuzi iliyokwisha kulainishwa. Vile vipande akavishonea katikati, mahali mgongo wa mtoto unapolala. Mikanda akaifanya kamba za kufungia. Alipombeba Yusta, mtoto alilia kidogo, akaweka shavu kwenye ngozi, akalala.

Kurudi nilikwenda peku mpaka stesheni, soli za tairi zikiwa kikapuni juu ya nailoni. Changarawe za reli ni kali. Sikuwa na wa kumlalamikia.

Kilosa, jioni. Nilipitia sokoni. Fundi Athumani aliangalia miguu yangu.

"Baba Yusta, simba wa Mikumi siku hizi wanakula viatu?"

Nikamtolea soli. Alizigeuza mikononi, mzaha ukamtoka.

"Basi umeshajua," akasema.

"Nimejua. Kwa nini hukuniambia?"

"Mwenyewe alinikataza. Alikaa hapo ulipo akaikata kwa mkono wake, mimi niliogopa kuikata. Nikamuuliza, mama, una hakika? Akasema miguu ya mume wake imeoza kwa plastiki, na ngozi nyingine hana. Akasema, 'Usimwambie. Akijua ni mbeleko, hatazivaa.'"

Nimeulizwa na wengi nilichojifunza safarini. Huwa nasema nilijifunza kwamba nailoni inateleza na ngozi inashika, na hilo ni kweli. Lakini jibu la swali la mama mkwe nililipata pale kwa fundi, na bado sijarudi Mikumi kumpelekea. Marietha alinifahamu vizuri. Angeniambia, nisingezivaa.