Injini Aliyoing'oa Jumamosi

Mtaani walimwita Grisi, na jina lile hakulichukia. Lilitokana na mikono yake, ambayo hata aisugue kwa sabuni na mchanga namna gani, kwenye kucha hubaki mstari mweusi. Alikuwa fundi wa magari na pampu za maji, mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mfupi, mwenye mabega mapana, na mdomo wa kumfanya mteja aombe radhi kabla hajajua kosa lake. Kazi alifundishwa na baba yake, na baba kabla hajafariki alimwachia pikapu kuukuu ya petroli. Hakumwachia kwa kunong'ona. Alisema mbele ya ndugu wote, kaka yake Grisi akiwa ameketi palepale: "Hili gari ni la binti yangu. Ndiye anayelijua."

Kaka mtu hakulimeza lile neno. Yeye alikuwa na mashine ya kusaga unga kwenye kona ya mtaa. Kinu kilikuwa chake na banda lilikuwa lake, lakini injini iliyokuwa ikikizungusha kinu ilikuwa ya Grisi: injini ndogo ya dizeli, silinda nne, iliyotoka kwenye gari dogo lililopinduka. Grisi aliipata kwenye yadi ya vyuma chakavu, akaifungua yote, akabadilisha ringi, akarekebisha vali, na siku mota ya kaka yake ilipoungua akampelekea. "Tumia tu, kaka, mpaka upate yako." Miaka mitatu ikapita. Kaka hakutafuta yake, wala neno asante halikupata kumtoka.

Ndipo binti wa Grisi akaanguka kwenye ngazi za shule, akavunjika paja. Akalazwa hospitali ya mbali, mguu umening'inizwa juu, na Grisi akalala sakafuni kando ya kitanda chake wiki sita nzima. Siku waliyorudi, alipokwisha kumlaza mtoto, alitoka uani kuliwasha gari lisije likawa limekufa betri. Akazungusha ufunguo. Kimya. Akafungua boneti. Mle ndani hamkuwa na injini. Palikuwa na kuku wa jirani amelalia mayai saba, akamtazama Grisi kwa jicho la kuuliza mbona huingii kwa hodi.

Alicheka. Mwenyewe husimulia hivyo: alicheka kwanza, kisha akakaa juu ya bampa.

Hakuhitaji kupeleleza. Pale alipokaa aliliona banda la kaka yake limeezekwa mabati mapya, yanang'aa mpaka macho yanauma. Akaenda vilevile na nguo alizosafiria.

"Kaka, injini ya gari langu iko wapi?"

"Ah, umerudi? Mtoto anaendeleaje?" Kaka alikuwa akifagia unga chini ya kinu, wala hakusimamisha ufagio. "Ile injini nimebadilishana na jamaa mmoja, kanipa mabati. Ilikuwa inakaa tu, inaoza. Na wewe, mwanamke, una mtoto mgonjwa, pikapu ya nini?"

"Hukuniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa."

Wifi yake, mke wa kaka, alikuwa pembeni akikung'uta gunia; akainamisha uso. Wateja wawili wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini walicheka.

Mtu mwingine angepiga kelele mpaka mtaa ujae. Grisi aliaga vizuri, akarudi nyumbani, na kwa siku nne hakuonekana kwenye kona. Watu wakadhani amesamehe. Kumbe alikuwa akipekua makaratasi. Siku ya tano akaipata risiti ya yadi ya chakavu, yenye namba ya injini na jina lake kwa herufi kubwa. Akaikunja mara nne, akaitia kifuani.

Angeweza kwenda Jumatatu, mashine ikiwa haina watu. Akachagua Jumamosi. Saa nne asubuhi, foleni ya mabeseni ikiwa imetoka mlangoni na kuzunguka ukuta, alitokea na sanduku la spana, wachukuzi wawili na mkokoteni wao, na mwenyekiti wa mtaa ambaye tayari alikuwa amevaa miwani ya kusomea.

"Zima mashine, kaka."

Mwenyekiti akasoma namba kwenye karatasi, akainama akasoma namba kwenye chuma, akarudia tena, maana alijua anachokitamka pale kitamfuata. "Ni yake," akasema.

"Dada, watu wana mahindi yao hapa!"

"Nawaona."

"Basi si uje jioni tuongee, mimi na wewe?"

"Ya kwangu ulipoing'oa, ulisubiri jioni tuongee?"

Kazi ile ilikuwa ya nusu saa. Grisi aliifanya kwa saa mbili. Kila nati aliifuta kwa kitambaa kabla ya kuitia koponi. Mkanda wa kinu alipoufungua aliuviringisha taratibu, akamkabidhi kaka yake kwa mikono miwili, kwa adabu zote, kwa kuwa mkanda haukuwa wake. Kaka alisimama na unga kwenye nyusi, akimwomba radhi mteja huyu na yule. Grisi alikuwa akizihesabu zile radhi huku akifungua bolti. Zilifika kumi na tisa.

Kung'oa ilikuwa rahisi. Kuipachika ndiko kulikomtoa jasho. Injini ya dizeli haikuzaliwa kwa ajili ya pikapu ile. Matundu yake hayakukutana na ya gia boksi, kwa hiyo alikata kadibodi ya katoni kuwa kiolezo, akampelekea fundi wa kuchomelea aliyeitwa Jicho, kwa sababu alibaki na moja, amkatie bamba nene la chuma: upande huu likamate injini, upande ule gia boksi. Bamba la kwanza lilipinda kwa moto. La pili lilikaa, lakini sampu, lile bakuli la mafuta chini ya injini, ikawa inagusa mhimili wa mbele wa chasi, ikabidi vishikizo vyote vya injini vikatwe na kupandishwa. Flaiwili ya asili ya injini ile, gurudumu zito linaloshikana na klachi, alikuwa nayo; miaka yote ile ilikaa chini ya kitanda imefungwa guniani.

"Dada," Jicho alimwuliza siku moja akiinua kofia yake ya kuchomelea, "hivi unatengeneza gari au unatengeneza ugomvi?"

"Vyote viwili. Na sitaki kimoja kitetemeke."

Akaosha tangi la petroli, akavuta mpira wa kurudishia dizeli, akafunga waya wa kuzimia unaotokeza chini ya usukani. Wiki ya nne, adhuhuri moja ya jua kali, akatoa hewa kwenye mabomba, akapasha plagi, akawasha. Ikakohoa moshi mweusi, ikafa. Akalegeza nati za nozeli za kunyunyizia dizeli, akabana tena, akawasha. Ikashika.

Ilinguruma kama ilivyokuwa ikinguruma kwenye kona kwa miaka mitatu, na mtaa ukaijua sauti. Wanawake wakatoka majumbani na mabeseni yao kichwani, wengine wakikimbia wawahi foleni, wakidhani mashine imerudi. Wakafuata mlio mpaka uani kwa Grisi, wakakuta boneti iko wazi na yeye mwenyewe anacheka peke yake, mikono miwili juu ya chuma kinachotetemeka.

Hakuna aliyecheka naye. Shangazi yake, dada wa baba, alitua beseni chini.

"Umemkomesha kaka yako," akasema. "Sawa. Na mimi ninayetembea mpaka juu ya kilima kusaga, na goti hili, nilikukosea nini?"

Grisi akalitazama goti lile, kisha wanawake wote na mabeseni yao. Wiki nne hakuwafikiria kabisa. Alimfikiria mtu mmoja tu. Akazima gari, akafungua mlango wa nyuma. "Pandisheni mahindi," akasema. "Kila Jumanne na Jumamosi nitawapeleka."

Akawapeleka kweli, na chuki hakuiacha nyumbani. Njia fupi ya kwenda kilimani haikupita kwenye kona. Yeye alipita. Akifika usawa wa banda alirudi gia ya pili, akikanyaga mafuta mpaka mabati mapya yanatikisika. Kaka akifunga dirisha, Grisi alipiga honi. Wifi akitoka kutupa maji, alimsalimia kwa upole, kwa sababu hakuwa na ugomvi naye. Ikawa hivyo miezi saba. Kaka hakupata injini nyingine, au hakumpata fundi wa kuifunga. Wa karibu aliyeijua kazi ile alikuwa mmoja tu.

Mwisho kaka akaamua kukiuza kinu kwa mwenye mashine wa kule kilimani. Gari la kukibeba likakosekana. Jumanne moja akaja, shati limepigwa pasi, akasimama kando ya pikapu wanawake wakiwa wanapakia.

"Dada, nina mzigo wa kwenda kilimani."

"Mzigo nitaubeba," Grisi akasema, "ukishawaambia hawa ulichonifanyia."

"Si wanajua?"

"Wamesikia kwangu. Waambie wewe."

Kaka akatazama chini, akatazama barabara. Shangazi akajifanya anafunga gunia lililokwisha kufungwa.

"Niliiuza injini ya dada yangu," kaka akasema kwa sauti ndogo.

"Nilikuwa wapi?"

"Hospitali. Na mtoto."

"Sauti haifiki nyuma."

"Ulikuwa hospitali na mtoto!" akapaza, na sauti ikamkatika.

Wapo wanaosimulia kwamba hapo Grisi alimwonea huruma. Hapana. Roho ilimsuuzika mpaka vidole vya miguu, akaiacha isuuzike, akashusha pumzi. Kisha akaenda kukipakia kile kinu. Alikifunga kwa kamba mwenyewe, vizuri, kama mali ya mteja yeyote, na kaka akakaa nyuma akikishikilia. Mlima waliupanda bila gari kulalamika hata mara moja. Juu walikishusha pamoja, yeye ameshika huku na kaka kule, na walipokitua kaka akasimama akiisikiliza injini iliyokuwa bado inawaka.

"Imetulia," akasema.

"Nimeifunga mimi."

Shangazi na wenzake walipokwisha kusagiwa wakapanda nyuma na unga wao. Kaka naye akaweka mguu kwenye gurudumu apande.

"Kurudi nimejaza," Grisi akamwambia. Haikuwa kweli, nafasi ilikuwepo ya watu watatu. Shangazi akafungua mdomo, akamtazama mpwa wake usoni, akaufunga. Grisi akatia gia, akateremka polepole, na kwenye kioo cha pembeni akamwona kaka yake akishuka kwa miguu, ameshika viatu mkononi ili visiharibiwe na vumbi, mpaka kona ya kwanza ilipomficha.