Aliyeweza Kumwambia Wafula

Siku ile naikumbuka vizuri: nilitoka Bokoli na kuku kwenye kikapu, nikaenda Kitale kumwona mjukuu wangu Nekesa, anayesomea kazi ya maabara. Mimi sikuvuka darasa la tatu, lakini yule msichana ni damu yangu, na najivuna wazi. Asiyependa na anune.

Alikuwa ameanguka mtihani mmoja. Waliwekewa vipande vya nyama ya mwili chini ya hadubini, wavitaje, naye tezi dume akaiita titi. Nilicheka mpaka machozi.

"Kukhu, usicheke, zinafanana," akasema, akanikalisha mbele ya hadubini ya chuo. "Angalia. Hii ndiyo ya mwanamume."

Mwanangu, niliona nyama ya rangi ya waridi yenye matundu matundu, kama sega la nyuki. Akaniambia niangalie kuta za yale matundu, vile zimejikunja, na seli zake zimejipanga safu mbili. Katikati kuna nyuzi za msuli. Ndani ya tundu moja kulikuwa na kijiwe chenye pete pete, kama kitunguu kilichokatwa.

"Hicho kijiwe ndicho kilinifungua macho," akasema. "Ikishikwa na saratani, matundu yanakuwa madogo, yanabanana, na safu moja inapotea."

Nikamwuliza, na mgonjwa mwenyewe utamjuaje? Akasema wengi hawasikii kitu mwanzoni, lakini wengine mkojo huwasumbua, wanasimama sana na hautoki. Kisha akaizima taa ya hadubini. Sote wawili tulikuwa tunamfikiria Wafula, baba yake, kifungua mimba wangu, ambaye tangu mavuno alikuwa akisimama nyuma ya choo akiguna.

"Nitamwambiaje, Kukhu? Si mimi ni binti yake?"

Kwetu binti hataji mambo ya chini ya mkanda wa baba yake. Hata mama hayataji, mwanawe akishatahiriwa. Lakini mimi nilisema sina muda wa aibu. Nikaenda moja kwa moja kwake Bungoma, nikamkuta anakula na mkewe.

"Wafula, mkojo wako una shida. Nenda hospitali."

Akaweka tonge chini. "Mama, umekuja kunivua nguo mbele ya bibi yangu?"

Akatoka. Msimu mzima wa mvua hakukanyaga kwangu, wala hospitali hakwenda.

Aliyemweza ni Simiyu, bakoki wake, yaani walitahiriwa pamoja. Hao hawafichani mwili. Alikuja tu kuazima jembe, akamwona pale nyuma ya choo, akapiga kelele: "Wewe Wafula! Ati unakojoa ama unaomba Mungu? Vaa viatu twende, bana!"

Wakaenda hospitali wakicheka. Baadaye majibu ya kipande cha tezi alichokatwa huko yakaja, na hakuna aliyecheka. Ni saratani, na imeshaingia mifupa ya mgongo.

Sasa amelala kwangu. Namgeuza kama mtoto mchanga, na ile aibu yote haina kazi tena. Nekesa alirudia mtihani akapita. Alinipigia simu akilia: "Kukhu, hiyo nyama naijua hata usingizini. Itamsaidia nini baba?"

Mwanangu, ukijua jambo linaloweza kumwokoa mtu, na mdomo wako haufai kwake, mtafute siku hiyo hiyo mwenye mdomo unaofaa. Simiyu anakaa ng'ambo ya shamba la Wafula tu, na hakuna kati yetu aliyemfikiria. Nanyi wanaume, mkojo ukikataa, mwambieni mwenzenu, mwende mkapimwe, kabla mama zenu wazee hawajaanza kuwaogesha.

Mungu awape miili mizima, na watu wasioogopa kuwafokea mapema. Na Wafula wangu, ampe usingizi usio na maumivu, hata kama ni wa leo tu.