Mvua ya Redio na Mpunga wa Dada Skola

Nilishuka Ziwa Nyasa kwa sababu ya neno moja la redioni: wastani. Mtangazaji alisema mvua za msimu ule huku kusini huenda zikawa juu ya wastani. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, uwanja wa kanisa letu pale Mbinga ukageuka mnada. Mmoja akasema ni kweli, hata nyuki wake wamehama. Mwingine akasema mwaka uliopita tulitangaziwa mvua tukapata vumbi, kwa hiyo safari hii tujiandae kwa ukame. Zamani redio ilikuwa moja na utabiri ulikuwa mmoja. Ukikosea, tulikosea kwa umoja. Siku hizi biashara ni huria. Kila redio ina mvua yake, na watu wa ziwani wanasikiliza mpaka ya Malawi. Kazi kwa mteja kuchagua.

Mimi ni mchuuzi wa usipa, wale dagaa wa ziwa letu, katika soko la Mbinga. Sokoni nimejifunza kumwogopa muuzaji anayeapa. Yule wa redioni hakuapa. Alisema "huenda", na alipomaliza akarudia tena "huenda". Nikamwambia mume wangu, Baba Anna, "Huyu mtu namwamini. Nakwenda kwa Dada Skola."

Dada Skola ni mkubwa wangu, tumbo moja. Aliolewa Lundo, kando ya ziwa, na nyumba yao iko tambarare karibu na mto. Mto wenyewe unateremka kutoka huku kwetu, milima ya Wamatengo. Baada ya ule mwaka wa vumbi, majirani zake wengi walikula mpaka mbegu. Yeye alibakiwa na mpunga, wa kula na wa kupanda, na wote ulikuwa umelala chini ndani ya nyumba hiyohiyo. Mto ukiingia mlangoni, njaa nayo imeingia. Nilitaka mpunga ule upande mlima kabla mvua haijashuka.

Jumanne asubuhi, stendi ya Mbinga. Lori la kwenda Mbamba Bay lilikuwa limepakia sabuni na chumvi. Dereva alinitajia nauli; nikayatazama matairi yake, nikamtajia nusu. Tukakutana katikati, nami nikaongezewa kiti cha mbele, kati yake na utingo.

Tulipoacha mji nyuma, milima ikafunguka pande zote. Asiyetujua ajue hili: sisi mlima hatuulimi kwa matuta ya kuteremka. Mwanamume anafyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba, mwanamke anazifukia kwa udongo, na katikati ya kila mraba linabaki shimo. Hayo ndiyo ngolo. Mvua ikinyesha, kila shimo linakamata maji yake, na mlima ukiutazama kwa mbali ni sega la nyuki. Lakini mwaka ule sega lilikuwa na mapengo. Watu tulikuwa tumekimbilia biashara, mikono ya kuzoa tope mashimoni ikapungua. Kuna waliokuwa wamefukia kabisa na kuchora mistari ya mahindi kutoka kileleni hadi bondeni.

"Mama, yale mashimo au sahani?" utingo akaniuliza.

"Sahani."

"Sahani haibebi mchuzi mwingi."

"Nawe umekula kwa nani ukajua?" nikamwambia, lakini maneno yake hayakutoka kichwani mpaka tulipoanza kuteremka.

Mchana tukateremka kweli. Nilipanda lori nimevaa sweta. Kona baada ya kona nikalivua, nikavua na kitenge cha mabegani. Halafu ziwa likatokea chini yetu, limetulia kama halihusiki.

Jumatano, kutoka Mbamba Bay kwenda Lundo. Nilikwenda kwa miguu pamoja na akina mama waliokuwa wanarudi kutoka gulioni. Usipa walikuwa wameanikwa kwenye vichanja njia nzima, nami nilijizuia kuuliza bei kama mlevi anayepita kilabuni. Kila tulipopumzika mjadala ulikuwa uleule. Mama mmoja alisema redio ya Malawi imetangaza mvua za kawaida. Mwenzake akamwuliza, "Ile mvua ikifika katikati ya ziwa itaonyesha pasipoti?"

Dada Skola nilimkuta uani anachekecha unga wa muhogo. Shemeji Festo, mume wake, alikuwa anashona nyavu.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Umekuja katikati ya wiki, soko umeliacha. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Nimekuja kuhamisha mpunga wako."

Akaendelea kuchekecha. "Kaa kwanza ule. Ukiwa na njaa unakuwa na haraka."

Nilipokuwa nakula niliyahesabu magunia kwa macho. Yalikuwa saba. Nikahesabu tena, nikapata manane. Moja lilikuwa limefunikwa khanga na kuwekewa mto wa kulalia, likijifanya kitanda. Hilo nililinyamazia. Kila nyumba ina siri zake.

Alhamisi asubuhi kulikuwa na mkutano wa kijiji katika darasa la shule. Bwana shamba alikuwa kijana mpole mwenye baiskeli iliyochoka kuliko yeye. Akatusomea tangazo: mvua huenda zikawa juu ya wastani, wakazi wa mabondeni wachukue tahadhari, chakula kihifadhiwe sehemu za juu.

Mama mmoja akasimama, mtoto mgongoni. "Bwana shamba, huo wastani ni wa nani? Mnachukua mwaka wa mafuriko, mnachanganya na mwaka wa jua kali, mnapata mwaka mzuri ambao hapa hakuna aliyewahi kuuona."

Darasa likapasuka kwa kicheko. Bwana shamba naye akacheka. "Ndiyo maana nawaomba, mama, msiungoje huo mwaka mzuri."

Shemeji Festo akanyanyuka. Shemeji akizungumza, wavuvi wenzake husikiliza. "Mimi siibishii serikali. Lakini mvua yetu tunaijua. Tunatazama kungu." Kungu ni wadudu wadogo wa ziwani, hupanda juu kwa makundi mazito hata ukadhani maji yanatoa moshi. "Baba yangu alisema kungu wakija nchi kavu mapema, jiandae. Mwaka huu wote wanaangukia ng'ambo. Ziwa halijasema kitu. Tuhame kwa sababu ya karatasi?"

"Hapana!" wakaitikia.

Nikanyoosha mkono. Mwenyekiti akanitazama. "Huyu mgeni ni nani?"

"Ni shemeji yangu kutoka mlimani," Festo akasema. "Mpeni nafasi, msipompa atapatana mpaka aipate."

Nikasimama. "Baba zangu, mama zangu, shikamooni. Sina redio wala kungu. Nimekuja na macho tu. Ninyi nyote mnalitazama ziwa, na mto unawajia kwa nyuma. Nimepita kule juu juzi. Mashimo yetu yamejaa tope, mengine hayapo. Hata kama hapa Lundo halitadondoka tone, ikinyesha kwetu inatosha. Maji ambayo mlima haukuyakamata yatakuja kuwauliza ninyi mnalala wapi."

Mzee mmoja wa nyuma akapaza sauti. "Kumbe! Wamatengo mnatutengenezea mafuriko, halafu mnatuma mjumbe kutuonya!"

Wakacheka. Nilijua nikikasirika nimeuza kwa hasara. "Ndiyo, baba. Mjumbe mwenyewe ni mmoja wa wenye deni. Ningekuwa mwongo ningebaki nyumbani."

Kicheko kikapungua. Mkutano ulifungwa bila uamuzi; kila mtu atumie busara yake. Nilipotoka nje niliona wanaume wawili wakitazama, si ziwa, bali milima.

Alasiri hiyo nikaanza mapatano yenyewe. Nilidhani kikwazo ni shemeji na kungu wake. Kumbe kikwazo kilikuwa wifi. Sehemu ya juu iliyo karibu ni kwa Agnesi, dada yake Festo, aliyejenga mteremkoni penye mawe.

"Mpunga wangu kwa Agnesi?" Dada akasema. "Afadhali mto. Mto utaacha hata punje moja ukutani kama alama. Agnesi ataosha mpaka gunia."

"Tushone midomo ya magunia kwa uzi wako mwekundu."

"Agnesi ana sindano."

"Basi mpe gunia moja kabla hajaiba. Ukishampa ataona aibu kugusa mengine, na atayalinda dhidi ya wengine."

Akafikiri. Dada yangu hapatani kama mimi. Yeye hunyamaza mpaka upunguze mwenyewe. Nikapunguza. "Nitabeba mimi."

Kimya.

"Na kama mto hautaingia ndani ya nyumba hii, nitatoka Mbinga nije niyateremshe yote kwa kichwa changu."

"Yote?"

"Yote."

"Festo!" akaita. "Umesikia? Uwe shahidi. Na wewe kesho unabeba."

Shemeji akasema kungu hawajasema kitu. Dada akamjibu kwamba kungu hawajawahi kumpikia.

Ijumaa tulipandisha mpunga. Gunia zima halibebeki kwenye kijia cha kupanda kwa Agnesi, kwa hiyo tulipima kwa madebe na kujaza upya kule juu. Wifi Agnesi alitupokea mikono kiunoni. "Karibuni. Leo nimekuwa ghala la taifa." Nilipomkabidhi gunia lake alitandika magogo ili mengine yasiguse ardhi, na jambo hilo hatukumwomba. Lile gunia lililokuwa linajifanya kitanda Dada alilileta mwenyewe kwa madebe, mwisho, shemeji alipokwenda kuoga ziwani. Jioni niliona familia mbili nyingine zikipita na mizigo kuelekea juu, zikijifanya zinatembea tu.

Jumapili nikaanza kurudi. Lori lilikuwa lilelile. Tulipofika katikati ya mlima, mvua ya kwanza ikatupiga. Matairi niliyoyadharau yakakataa kupanda, tukashuka wote kusukuma. Nikiwa na tope hadi magotini nikaona maji yanateremka kwenye ile mistari ya mahindi, mekundu, yana mbio, yanavuka barabara kuelekea bondeni. Hatukuwa na simu. Hapakuwa na namna ya kumwambia Dada kwamba yanakuja.

"Tusubiri yapite," dereva akasema.

"Tusukume," nikasema. "Nina shamba la kuzoa."

Nyumbani sikufungua soko wiki ile. Mimi na Baba Anna tulishuka shambani kwetu na majembe, tukizoa tope kutoka shimo hadi shimo na kulirudisha juu ya matuta. Mashimo yetu peke yake yasingezuia mto. Nikaenda kwa jirani wa juu yetu, Mzee Ndunguru.

"Mama Anna, maji yakishavuka mpaka wangu si yangu tena," akasema.

"Sawa, baba. Na ya jirani wa juu yako yakishavuka mpaka wake, ni ya nani?"

Akatazama juu, kwenye shamba la jirani yake. Nikamwongezea kwamba nitapika usipa niliobakiza sokoni, ugali hautapimwa, na atakayekuja na jembe atakula. Alikuja, akaja na wanawe. Kufikia Alhamisi mteremko wetu wote ulikuwa na watu, na kati ya jembe na jembe tulibishana kuhusu redio mpaka sauti zikakauka. Waliosema utabiri ni uongo walizoa tope kwa nguvu kuliko wote, nadhani ili wapate pumzi ya kubisha.

Mvua ilinyesha. Ilinyesha mpaka tukasahau rangi ya anga. Asubuhi nilikuwa nasimama mlangoni kutazama mashimo yamejaa maji, yanang'aa mlima mzima, na kila moja nililiambia likaze.

Ndipo utingo yule akaja sokoni na salamu kutoka Lundo. Mto ulipanda usiku. Ulikula jiko la nje, ukalamba kizingiti cha Dada Skola, ukakaa hapo kama mgeni asiyekaribishwa, kisha ukarudi. Ndani haukuingia. Mpunga ni mkavu.

"Na anasema hivi," utingo akakohoa apate sauti ya Dada. "Maji hayakuingia ndani. Mapatano ni mapatano. Njoo uteremshe magunia yangu."

Uwanja wa kanisa bado unabishana. Wapo wanaosema utabiri ulikuwa sahihi, wapo wanaosema ulitiwa chumvi, mbona nyumba ya Skola imesimama. Shemeji ametuma neno kwamba kungu hawakukosea, wao hawakuulizwa habari za mto. Nilichojifunza mimi ni kwamba onyo likisikilizwa hufanana sana na uongo, na aliyelisikiliza hana ushahidi zaidi ya chakula alichonacho.

Barabara ikikauka kidogo nitashuka. Ngata ya kichwani nimeshaisokota. Nimemfungia Dada debe moja la maharage kutoka kwenye ngolo zetu, nyongeza, na hiyo hakuidai.