Sheria ya Herufi Kubwa

Nawachukia matapeli wa barua pepe, na anayenikera kuwashinda ni mimi mwenyewe. Kila asubuhi ofisini kwetu Musoma tulikuta takataka zao: URITHI UNAKUSUBIRI, MSAADA WA HARAKA, JIBU LEO. Karani mmoja akabonyeza, kompyuta za chumba kizima zikagoma. Bosi akanigombeza mimi, mtu wa kompyuta, kana kwamba ndimi niliyebonyeza.

Nikakaa na hasira zangu nikaandika sheria kwenye mtambo: barua yoyote ya herufi kubwa tupu, yenye neno msaada au haraka, isimfikie mtu, iende folda ya taka. Mstaarabu gani huandika kwa kupiga kelele? Takataka zikakoma, nami nikajisifu.

Baba yangu, mwalimu mstaafu, anaishi Butiama. Simu kwake ni ya salamu tu. Mambo ya mwili wake hayasemi wajukuu anaoishi nao wakisikia. Hayo huandika kwa barua pepe, kwa anwani yangu ya ofisini, ndiyo pekee anayoijua. Na si mtu wa kumbembeleza mtoto, hata mimi bintiye. Nilipokwenda kumsalimia, shikamoo yangu aliiitikia kwa shingo upande.

"Mama, nyie watu wa ofisini hamjibugi barua?"

"Barua gani, Baba?"

"Nilikuandikia. Nikasema labda siku hizi umekuwa mkubwa."

Nilimjibu vibaya, Mungu anisamehe. Nilimwambia hajaandika kitu, uzee unamsahaulisha. Akanyoosha mkono achukue kikombe, akashika hewa pembeni yake. Hapo nikaikumbuka sheria yangu. Nikafungua folda ya taka kwenye simu, palepale mbele yake.

MWANANGU HUJAMBO. NAOMBA MSAADA WA HARAKA. JICHO LA KUSHOTO LINA UKUNGU.

Chini yake, ya mwezi uliofuata: MSAADA NILIOOMBA UACHE. NAONA HUNA NAFASI.

"Baba, kwa nini herufi kubwa?" Nilikuwa karibu kufoka.

"Ndogo nilikuwaga nazisoma. Siku hizi sizioni."

Daktari wa macho alisema ni presha ya macho. La kushoto limekufa; tungewahi, lingeokolewa. Nina hasira na Baba pia: angepiga simu, wajukuu wasikie, ingekuwaje? Lakini sheria niliiandika mimi.

Nimeifuta. Takataka zimerudi, bosi ananung'unika, na ninung'unikiwe tu. Kila asubuhi nazisoma zote za herufi kubwa, moja baada ya nyingine. Ya Baba haijaja tena.